Kula Chake, Kura Yangu: Je, Aliyepokea Ana Deni?

Katika mafunzo ya siku mbili tuliyopewa kabla ya kutumwa vijijini, sentensi iliyorudiwa kuliko zote ilikuwa fupi sana: kula ni kula, kura ni siri. Mkufunzi wetu alifundisha kwa Kiingereza, lakini sentensi hiyo aliitamka kwa Kiswahili, maana utani wa herufi mbili haukubali kuhama lugha. (Na sisi wa Uganda, ambao ndimi zetu hubadilishana l na r bila kutuomba ruhusa, mara nyingi hatujui hata ni lipi kati ya maneno hayo mawili mtu amelisema.) Maana yake haihitaji ufafanuzi mrefu. Mgombea akikuletea sukari, sabuni au noti ya shilingi elfu tano, pokea, kula, nyamaza. Siku ya uchaguzi utakuwa peke yako na karatasi yako, mchague umtakaye. Watu huicheka sentensi hiyo kila wanapoisikia, na mkutano uliochangamka ni nusu ya kazi.

Nimejitolea katika kikundi kidogo cha elimu ya mpiga kura mjini Busia, upande wa Uganda, katika maandalizi ya uchaguzi wa Januari 2026. Tuko watu 13: wanafunzi wa chuo, walimu wawili wastaafu, fundi cherehani mmoja, na kijana wa bodaboda ambaye hachoki kuwakumbusha wageni kwamba jina la kazi yake lilizaliwa hapa hapa mpakani. Kazi yenyewe si ya kifalsafa hata kidogo. Tunaeleza namna ya kuhakiki jina katika daftari la wapiga kura, saa za kupiga kura, jinsi ya kuweka alama au dole gumba bila kugusa kisanduku cha jirani, na kwa nini karatasi yenye alama mbili huharibika. Nimechora karatasi ya kura ubaoni mara nyingi kuliko nilivyowahi kuchora kitu kingine chochote. Lakini sentensi ile ya kula na kura ndiyo iliyonifuata hadi chumbani, na ndiyo ninayotaka kuijadili hapa. Je, ni haki kumfundisha mtu apokee kitu cha mwenzake huku akijua kwamba hatarudisha kile kinachotarajiwa? Na kama si haki, tuna ujasiri gani wa kumwambia mtu asiye na chumvi nyumbani aikatae chumvi?

Kabla ya kuingia humo ni lazima nieleze uzito wa neno moja. Tunajitambulisha kwamba hatuna chama. Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam anaweza kudhani kauli hiyo ni nyepesi. Hapa Uganda, kuanzia 1986 hadi 2005, kutokuwa na chama kulikuwa ndio mfumo wenyewe wa utawala: shughuli za vyama zilibanwa, na ikasemwa kwamba kila raia ni wa Harakati moja. Kura ya maoni ya mwaka 2000 iliudumisha mfumo huo. Ya Julai 2005 ikarudisha vyama vingi. Kwa hiyo mzee wa miaka 60 akimsikia kijana akisema "sisi hatuna chama," hasikii kwamba kijana huyu hana upande. Anausikia upande anaoujua vizuri sana. Tulipotaka kushona fulana za kikundi tukakutana na shida ile ile kwa sura nyingine. Njano ina wenyewe, nyekundu ina wenyewe, buluu na kijani nazo zimekwisha kuchukuliwa. Tulibaki na nyeupe, ambayo kwenye vumbi la Busia hudumu asubuhi moja tu.

Lugha nayo haikwepeki. Marekebisho ya katiba ya 2005 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, lakini wapo wazee, hasa kutoka maeneo ya kati, ambao bado hukisikia kama lugha ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Bahati yetu ni kwamba Busia ni mji wa mpaka. Msamia, Mteso, Mganda na Mkenya wakikutana sokoni, bei hutajwa kwa Kiswahili, kwa hiyo tukikitumia hatuonekani kuwa wa kabila fulani.

Pingamizi zito kuliko yote dhidi ya sentensi yetu sikulipata katika kitabu. Alilitoa mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa wa ziwani, baada ya mkutano tuliofanya nyuma ya soko. Aliwasubiri wenzake waondoke, akaniita kando.

"Mwanangu," akasema, "mimi hapa nakopesha watu. Hakuna karatasi, hakuna wakili. Mtu anachukua mukene Jumatatu, analeta pesa Ijumaa. Sasa wewe unanifundisha nile cha mtu halafu nimnyime. Kesho mteja akinifanyia hivyo hivyo, nitamdai kwa mdomo gani?"

Nilimjibu kwamba mambo hayo mawili hayafanani. Akaniuliza tofauti iko wapi. Sehemu kubwa ya insha hii ni jitihada ya kumjibu kwa utaratibu kuliko ilivyowezekana pale, tukiwa tumesimama juani.

Tuanze kwa kumpa haki yake. Lugha yetu iko upande wake. Ahadi ni deni. Mla cha mwenzie na chake huliwa. Mkono mtupu haulambwi. Asante ya punda ni mateke. Ukizikusanya methali za Kiswahili zinazohusu kupokea, utakuta karibu zote zinamtazama mpokeaji kwa jicho kali, kana kwamba wahenga waliogopa mtu anayesahau wema kuliko mtu asiyetenda wema. Mfaransa Marcel Mauss, katika andiko lake mashuhuri la 1925 kuhusu zawadi, alionyesha kwamba katika jamii nyingi zawadi huja na wajibu wa aina tatu: kutoa, kupokea, na kurudisha. Mama wa mukene hakuwa na haja ya kumsoma Mauss. Biashara yake yote imesimama juu ya wajibu huo wa tatu. Ukimwondolea, humwachii uhuru, unamwachia hasara.

Jambo hili si la kubuni mezani. Kabla ya uchaguzi wa 2016, asasi za kiraia za Uganda ziliendesha kampeni kubwa dhidi ya ununuzi wa kura katika vijiji 1,427, na watafiti wakafuatilia matokeo yake. Lengo lilikuwa watu wakatae. Hawakukataa, wagombea waliendelea kugawa kama kawaida. Hata hivyo kura zilisogea. Zilipungua kwa waliokuwa tayari madarakani na wenye fedha nyingi, zikaongezeka kwa wapinzani wao wasio na mfuko mnene. Maelezo ya watafiti ndiyo yanayonikosesha raha: kampeni ilishindwa kuwajengea watu desturi ya kukataa, lakini ilifaulu kuwashawishi baadhi yao waiache desturi ya kulipa fadhila. Kwa maneno ya sokoni, watu walikula, kisha wakanyima. Ukiwa mwanaharakati wa uchaguzi huru, hayo ni mafanikio. Ukiwa mama wa mukene, ni tangazo kwamba kijiji kizima kimefundishwa kutolipa madeni.

Matokeo hayo yanazua swali lingine linalotuhusu sisi wenyewe. Ikiwa somo letu linampunguzia kura mwenye fedha na kumwongezea asiye nazo, je, kweli hatuna upande? Wapo wenzangu wanaojibu haraka kwamba refa akipuliza filimbi, timu inayocheza rafu nyingi ndiyo itakayoadhibiwa zaidi, na hilo halimfanyi refa kuwa shabiki wa timu ya pili. Nakubali, lakini nusu. Refa hachagui rafu za kupuliza, sisi tunachagua. Tungeweza kutumia Jumamosi zote kuzungumzia vurugu za vijana wa mitaani, na somo hilo nalo lingemwumiza mtu fulani zaidi ya mwingine. Kipimo ninachojiwekea ni hiki: je, ningelifundisha somo hili kwa moyo ule ule kama mwenye magunia ya sukari angekuwa mgombea ninayempenda mimi? Ninaye, bila shaka. Kutokuwa na upande katika kazi hakumaanishi mtu amezaliwa bila macho. Nikijiuliza hivyo, najikuta nikitaka somo lenye sababu inayosimama bila kujali nani atashinda, na sentensi ya "kula ni kula" haina sababu ya aina hiyo. Ni ujanja. Ujanja humfaa anayeutumia kwanza, mpaka mwingine aujue.

Basi turudi kwa tofauti aliyoniuliza yule mama. Njia ya kwanza ya kumjibu ni kusema kwamba kile alicholetewa si zawadi. Tanzania ililipitia jambo hili kwa uwazi kuliko sisi. Mwaka 2000 sheria yao ya uchaguzi ilirekebishwa ili gharama za "takrima" ya kimila, zikitolewa kwa nia njema, zisihesabiwe kuwa rushwa. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikavitengua vifungu hivyo, na moja ya sababu ilikuwa kwamba vinambagua mgombea wa kipato cha chini. Mimi ningeongeza sababu ya kilugha. Takrima ni ukarimu wa mwenyeji kwa mgeni. Mgombea anapokuja kijijini kwa gari lenye vipaza sauti, mgeni ni nani? Ni yeye. Kwa desturi, sisi ndio tunaopaswa kumpa kiti, maji na, ikiwezekana, kuku. Mgeni anayekuja na sufuria zake, akawapikia wenyeji uani kwao, kisha akadai ahesabiwe mkarimu, amelipindua neno. (Najua kuna methali ya mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini hata humo mwenyeji hupona kwa sababu anakula mabaki ya alichomwandalia mgeni, si kwa sababu mgeni amemnunua.)

Sheria yetu ya uchaguzi wa wabunge ya 2005 haina mzaha katika hili. Inamtia hatiani anayetoa kitu ili kuathiri kura, na inamtia hatiani anayepokea pia. Hapo sentensi yetu tamu inaingia matatani kwa namna ambayo mkufunzi hakuigusa: tunasimama mbele ya watu kama walimu wa sheria za uchaguzi na tunawafundisha kosa. Mahakama zetu zimewahi kutengua ushindi wa wabunge kwa sababu ya hongo. Sijawahi kusikia mjane akipelekwa mahakamani kwa kipande cha sabuni, na sitamani kusikia. Lakini kwamba hashtakiwi hakutupi ruhusa ya kumficha.

Hata hivyo jibu la "hii si zawadi ni hongo" halimalizi kazi, kwa sababu moja ya aibu kidogo. Sisi nasi tunatoa. Mikutano yetu ina soda na mkate, na wanaotoka mbali hurudishiwa nauli. Katika kijiji kimoja tulikuta wanaume wameketi kuzunguka chungu cha malwa, kila mmoja na mrija wake mrefu, na mzee mmoja akatuuliza, bila hata kuutoa mrija mdomoni, "Na nyinyi soda zenu ni za nini?" Wenzake wakacheka. Nilimwambia soda ni kwa sababu ya jua. Akasema hata yule mwingine alisema sukari ni kwa sababu ya uji. Tofauti ipo: hatukumwomba chochote baada ya soda, na akiinywa kisha akalala usingizi mkutano mzima, hatumdai. Lakini tofauti hiyo haionekani ndani ya chupa. Inaonekana katika kile kinachotarajiwa baadaye, na matarajio hayasomeki usoni mwa mtoaji. Ndiyo maana sidhani tunaweza kumwachia mpiga kura mzigo wa kupambanua kila mkono unaomnyooshea kitu.

Njia ya pili naiona imara zaidi. Tuseme ni zawadi, tuseme hata mtoaji ana moyo safi. Je, kura inaweza kuwa malipo yake? Tukubaliane na mama wa mukene kwamba aliyepokea ana deni. Lakini deni hulipwa kwa mali ya mdaiwa. Mimi nikikukopa, siwezi kukulipa kwa mbuzi ambaye jirani amenipa nimchungie. Mbuzi yuko zizini kwangu, kamba iko mkononi mwangu, watoto wangu wanamwita kwa jina. Bado si wangu wa kulipia deni. Ni amana. Na ukikubali kuchukua mbuzi yule huku ukijua si wangu, huwezi kulalamika kwamba nimekudhulumu mwenyewe alipokuja kumchukua.

Kura, kwa maoni yangu, ni amana ya aina hiyo. Mama yule atakapoweka dole gumba lake hatajichagulia mbunge peke yake. Atamchagulia mtoto wa jirani ambaye bado hajafikisha miaka 18, mgonjwa asiyeweza kufika kituoni, na mfanyabiashara aliye ng'ambo ya mpaka siku hiyo. Hao hawakula sukari. Ahadi ya kumpa mgombea kura kwa sababu ya sukari ni ahadi ya kulipa kwa mali yao, na ahadi ya namna hiyo haikuwa na nguvu tangu ilipotamkwa. Kwa hiyo asiyeitimiza havunji deni. Anakataa kuendeleza wizi. Mteja wa mukene anayetoroka na pesa za Ijumaa ni tofauti kabisa: pesa zile zilikuwa zake kulipa. Hiyo ndiyo tofauti niliyoulizwa.

Msomaji makini ataona kwamba hoja hii ina mwiba. Mwingereza John Stuart Mill, katika kitabu chake cha 1861 kuhusu serikali ya uwakilishi, alisema vile vile kwamba kura ni amana, na kwa sababu hiyo hiyo akaipinga kura ya siri. Aliyekabidhiwa mali ya watu, alidai, aitumie mbele ya macho ya watu. Nchi yake haikumfuata. Ilianzisha kura ya siri mwaka 1872. Lakini swali lake haliondoki kwa sababu lilipigwa chini bungeni. Kama kura si yangu peke yangu, kwa nini nijifiche nikiipiga?

Sisi tuna namna ya kumjibu Mill ambayo haitegemei nadharia, kwa kuwa tumeyajaribu yote mawili. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, LC1, uliofanyika Julai 2018, ulikuwa wa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Hakuna karatasi, hakuna sanduku. Unasimama, unahesabiwa, na kila mtu anaona umesimama nyuma ya nani, akiwemo anayekudai kodi ya shamba. Ng'ambo ya mpaka, wazee wenye ndugu Kenya wanaukumbuka mlolongo wa 1988, watu walipopangwa mstari katika mchujo wa chama tawala. Kwa nadharia ya Mill, mstari ungepaswa kuwafanya watu wawajibike zaidi kwa wenzao. Lakini mstarini macho hayana uzito sawa. Jicho la jirani asiye na kitu halimtishi mtu. Jicho la mwenye duka lililojaa madeni yako linamtisha. Mill mwenyewe alikiri kwamba siri inafaa pale wengi wanapokuwa chini ya mikono ya wachache. Alidhani tu kwamba Uingereza ya wakati wake ilikuwa imetoka huko. Sisi hatujatoka. Siri ya kura, basi, inailinda amana isichukuliwe njiani na mwenye nguvu kabla haijafika kwa wenyewe. Haikuwekwa ili tufiche udanganyifu wetu, na nadhani hapo ndipo sentensi ya "kura ni siri" inapoharibiwa na jirani yake "kula ni kula."

Kuna jambo lingine kuhusu siri ambalo vitabu vyetu vya mafunzo havikuligusa, na ambalo linanisumbua bado. Kura zetu huhesabiwa pale pale kituoni, hadharani, mara tu upigaji unapofungwa. Huo ni utaratibu mzuri na ninautetea. Ndio unaowazuia watu kupika matokeo gizani. Lakini kituo cha kijijini kina wapiga kura mia chache. Wakala wa mgombea anarudi kwa bosi wake na takwimu za kijiji kizima. Hajui mama wa mukene alimpigia nani, ila anajua kwamba kijiji kile kilikula mchele kikatoa kura 40. Siri inamlinda mtu mmoja mmoja. Kijiji hakina siri. Na kijiji ndicho kinachohitaji daraja, kisima cha pampu na nesi wa zahanati. Tukiwa katika kijiji kimoja karibu na kinamasi, kijana aliniambia kisima chao kiliharibika mwaka mmoja baada ya uchaguzi na kila walipouliza waliambiwa wakaulize kwa yule waliyempigia kura. Sikuwa na namna ya kuthibitisha hadithi hiyo. Lakini nilitambua kwamba hoja yangu ya amana haimsaidii. Mbunge anayekinyima kijiji kisima kwa sababu ya hesabu za kituo naye anakula mbuzi wa amana, tena mkubwa zaidi, kwa kuwa fedha za kisima hazikutoka mfukoni mwake. Hilo tunaweza kulisema, na tunalisema. Ila kusema hakuchoti maji.

Kwa sababu hiyo sina subira na wale wanaotufundisha kwamba suluhisho ni moja tu: kataa. Mara nyingi wanaosema hivyo wamekwisha kupata chai. Kukataa ni jambo jema, na wapo watu maskini kabisa waliokataa mbele ya macho yangu; bibi mmoja alirudisha kitenge kikiwa bado kimekunjwa, akasema rangi yake itamtambulisha hata kaburini. Lakini anayekataa peke yake kijijini anaonekana, na kuonekana kwake kunasomwa kuwa ni uadui. Kumwamuru akatae ni kumwomba mtu mwenye uwezo mdogo kuliko wote alipe gharama kubwa kuliko wote, ili sisi wa fulana nyeupe tuandike ripoti nzuri.

Nilipoyapeleka mawazo haya katika kikao cha kikundi, mjadala ulichukua jioni nzima. Mwalimu mmoja mstaafu alisema tusiguse kitu: sentensi inachekesha, watu wanaikumbuka, na uchaguzi uko mlangoni. Fundi cherehani alitaka tuandike sheria peke yake, kwamba mtoaji na mpokeaji wote wana kosa, basi. Kijana wa bodaboda akasema ukiwaambia watu wana kosa, hawatakuja mkutano wa pili. Mimi nilipendekeza sentensi tatu zikae pamoja: kwamba sheria inakataza kutoa na kupokea, kwamba kura si mali yako peke yako, kwa hiyo usimwahidi mtu kwa sababu ya kitu, na kwamba aliyekubanisha mpaka ukaahidi hana deni la kukudai, wala hana namna ya kujua. Sentensi ya pili ndiyo niliyoitetea zaidi. Mtu anaweza kubanwa na njaa akapokea, lakini kinywa chake kinaweza kubaki bila kuahidi, na yule mama wa sokoni anaweza kuendelea kudai madeni yake bila haya.

Mwalimu alilalamika kwamba hakuna atakayecheka. Ni kweli. Tulipiga kura kwa kuinua mikono, kwa kuwa mle ndani hapakuwa na aliyemlisha mwenzake, na sentensi tatu zikapita kwa 8 dhidi ya 5. Bango jipya lina maandishi mengi kuliko la kwanza. Tumeliandika kwa Kiswahili, Kisamia na Kiteso, na nakala moja nimeibandika kwenye nguzo iliyo karibu na meza ya mukene. Mama alilisoma polepole, akauliza kwa nini mbuzi hayumo, maana mfano wa mbuzi ndio alioulewa. Wiki ijayo tunamchora.